Nyuzi kwenye Zege: Kisangani Inunue Nini kwa Ajili ya Moto?

Ndugu aliyeko Kinshasa, Kampala au Brussels hachoki kutuma ushauri wa ujenzi, na siku hizi ushauri wenyewe una nyuzi ndani yake: usimwage beto, yaani zege, bila nyuzi, itapasuka, na siku ya moto itakuangukia. Mwenye kiwanja hapa Kisangani, pale Mangobo au Kabondo, ambaye tayari ameuza pikipiki ili apate mchanga na kokoto, anabaki na swali la mfukoni. Je, alipie?

Jibu nalitoa mapema ili asiye na muda asisubiri. Kwa nyumba ya kuishi Kisangani, nyuzi za kukinga moto ni pesa iliyopotea njia. Pesa hiyohiyo, na mara nyingi pungufu yake, ikinunua sentimita moja ya zege chini ya nondo, subira ya mwezi mmoja, na tofali zuri la udongo pale moto unapolala kila siku, itafanya kazi kubwa zaidi. Kazi zinazostahili nyuzi zipo, nazo zitatajwa.

Tuanze na moto wenyewe. Zege haliwaki, lakini haliko salama. Ndani yake mna maji: mengine yamejificha kwenye vitundu, mengine yameungana na saruji. Likifika digrii 100, maji ya kwenye vitundu huanza kuwa mvuke, na mvuke unadai nafasi kama mara 1,700 ya ile iliyotosha maji. Kati ya digrii 400 na 500, chokaa iliyomo ndani ya saruji iliyokomaa huachia maji yake na kulegea. Kwenye digrii 573 chembe za kwatzi, ambazo ndizo mchanga mwingi wa mto na kokoto nyingi za mawe ya mchanga, hubadili umbile na kuvimba kwa ghafla. Kanuni za usanifu za Ulaya huhesabu kwamba zege la kokoto za namna hiyo limebaki na robo tatu ya nguvu zake kwenye digrii 400, asilimia 45 kwenye 600, na asilimia 15 tu kwenye 800. Nondo nazo zikifika 600 zimebaki na chini ya nusu.

Na moto wa chumba kizima hauchelewi kufika huko. Mchoro wa kimataifa unaotumiwa kupima majengo unaweka hewa ya chumba kinachoungua kwenye digrii 842 baada ya nusu saa na 945 baada ya saa moja. Kinachotuokoa ni kwamba joto hupenya zege taratibu sana. Uso wa chini wa dala, yaani bamba la zege, unaweza kuwa umeiva huku nondo iliyo sentimita tatu ndani ikiwa bado na nguvu. Shikilia hapo, maana hesabu yote ya bei itarudi kwenye sentimita hizo.

Sasa nyuzi. Zinazouzwa kwa sifa ya moto ni za plastiki iitwayo polipropilini: vinywele vyeupe, vyepesi, vinavyofungwa kwa vipakiti vya gramu 600 au 900, kila kimoja kwa mita moja ya ujazo. Muuzaji atakuambia, "Papa, hii haiungui." Ukweli ni kinyume, na ndiko kulikojificha ujanja wake. Nyuzi hizi huyeyuka kwenye digrii 160 na kitu, na zikiyeyuka huacha vijia vyembamba ambamo mvuke unapita kabla haujapasua zege. Zinasaidia kwa kufa kwao.

Msaada huo ulionekana thamani yake Ulaya baada ya moto wa tarehe 18 Novemba 1996 katika handaki la reli lililo chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Hakuna aliyekufa, lakini kuta za zege, zege lenye nguvu na lililoshikana sana, zililipuka tabaka baada ya tabaka, hata sehemu nyingine karibu unene wote ukaisha. Reli ya kasi ya kutoka London kwenda kwenye handaki hilo ilipojengwa baadaye, vipande vya kuta za mahandaki yake vilitiwa nyuzi za chuma pamoja na za plastiki. Ushauri anaokutumia ndugu yako unatoka katika ukoo huo wa majengo.

Lakini ona kilicholipuka: zege lililoshikana mno. Mvuke ulikosa pa kutokea. Kanuni hizo za Ulaya zinapendekeza kilo 2 na zaidi za nyuzi za plastiki kwa mita ya ujazo pale zege linapokuwa la daraja la nguvu la 80 kwenda juu. Zege la nyumba zetu, likipata bahati ya mifuko saba ya saruji kwa mita ya ujazo na fundi mwaminifu, ni la daraja la 20 au 25. Limejaa vitundu. Mvuke wake una milango mingi tayari.

Kuna jambo moja linalompa muuzaji nusu ya haki. Kanuni zinasema hatari ya kulipuka ni ndogo zege likiwa na unyevu chini ya asilimia 3 ya uzito wake. Kisangani iko kaskazini kidogo tu ya Ikweta, hupata mvua ya milimita kama 1,700 hadi 1,800 kwa mwaka, na haina kiangazi cha kweli. Zege lililomwagwa juzi, likanyeshewa, kisha likawekewa moto mkali, linaweza kurusha vipande hata kama ni la daraja la chini. Dawa yake ni kulikausha na kuliacha likomae. Hiyo haina bei dukani.

Nyuzi za chuma ni habari nyingine. Kipimo chake ni kilo 25 hadi 40 kwa mita ya ujazo, na kazi yake ni kushika ufa usipanuke. Kwenye joto hupoteza nguvu vilevile kama nondo, na mvuke hazitoi njia. Usikubali kuambiwa kwamba zitachukua nafasi ya nondo kwenye dala inayoning'inia juu ya vichwa vya watoto. Mahali pake ni sakafu iliyolala chini na kubeba mizigo mizito: ghala la mchele karibu na bandari, karakana ya malori, uwanja wa kushushia magogo. Mwenye ghala la namna hiyo afanye hesabu yake, huenda zikamlipa. Anayejenga vyumba vitatu na sebule aziache.

Za mimea, yaani katani, nyuzi za nazi, rafia, makumbi ya mchikichi, zinavutia kwa sababu baadhi yake zinaokotwa bure. Ndani ya saruji hazidumu. Ukali wa chokaa unazila polepole, utomvu na sukari ya mmea mbichi huchelewesha saruji kushika, na kwenye digrii 200 hadi 300 zinageuka makaa. Ndani ya udongo wa potopoto, lakini, ndiko kwao: huzuia ukuta usipasuke unapokauka, na hazigombani na chochote.

Tuje kwenye hesabu. Chukua dala ya jiko, mita 3 kwa 4, unene sentimita 10. Hiyo ni mita za ujazo 1.2. Kwa kilo 350 za saruji kwa mita, unahitaji kilo 420, yaani mifuko minane na sehemu ya tisa.

Nyuzi za plastiki kwa kipimo cha moto, kilo 2 kwa mita, ni kilo 2.4: vipakiti vinne vya gramu 600. Nyuzi za chuma kwa kilo 30 ni kilo 36. Sentimita moja zaidi ya zege ni mita za ujazo 0.12: kilo 42 za saruji, chini ya mfuko mmoja, pamoja na matoroli mawili matatu ya mchanga na kokoto. Tuseme, kwa mfano tu, mfuko ni dola 20; sentimita hiyo ni dola 17 za saruji. Ondoa 20 uweke bei ya leo ya duka lako, kwa sababu bei ya saruji hapa inapanda na kushuka na njia. Saruji ya Kimpese na Lukala inavuka Kongo Central hadi Kinshasa, kisha inapandishwa mto kwa matishari zaidi ya kilomita 1,700. Saruji ya Uganda, ya Tororo na Hima, inategemea barabara ya Bunia au Beni na matope yake. Kilo za chuma zitafuata njia hizohizo, na kila kilo italipiwa.

Sentimita hiyo inanunua nini? Kwa dala ya kawaida, kanuni zinahesabu saa moja ya moto ikiwa na unene wa milimita 80 na katikati ya nondo iko milimita 20 kutoka uso wa chini. Kwa saa moja na nusu zinataka milimita 100 na 30. Kwa saa mbili, 120 na 40. Kwa hiyo dala yako ya sentimita 10 ambayo nondo zake ziko milimita 20 ni ya saa moja. Ukiinua nondo kwa sentimita moja na kuongeza sentimita moja ya unene ili isipungukiwe nguvu ya kubeba, umeongeza nusu saa. Nusu saa ni muda wa kutoa watoto, wazee na godoro, na wa majirani kufika na ndoo. Hakuna kipakiti dukani kinachokuuzia kitu cha namna hiyo kwa bei hiyo.

Tatizo ni kwamba sentimita hiyo huibwa mchana kweupe. Nenda kwenye kazi yoyote uone: mbao za fomu zimepangwa, nondo zimefungwa vizuri, halafu zimelazwa juu ya mbao. Wasaidizi wanapita juu yake na matoroli. Fundi anasema ataziinua kwa ndoano wakati wa kumwaga. Ataziinua mbili, ya tatu simu itaita. Miaka michache baadaye dari linaonyesha mistari ya kutu, ramani kamili ya nondo zilizokosa nguo. Dawa ni vijiwe vya saruji na mchanga, vyenye unene wa sentimita 2.5 au 3, unavyomimina mwenyewe wiki moja kabla kwenye fremu ya mbao na kuvikata vingali vibichi. Weka kimoja kila nusu mita, ukaze kwa waya. Kabla hujaruhusu zege limwagwe, piga magoti uchungulie chini ya nondo. Mama mwenye nyumba anaweza kufanya hivyo bila kusomea uhandisi, na fundi mwema hatakasirika.

Gharama ya nyuzi ambayo haiandikwi kwenye risiti iko kwenye koleo. Hapa zege jingi huchanganywa chini, kwa mkono. Tia nyuzi humo: zinajikunja mabonge, zege linakuwa zito kusogea, na msaidizi aliyechoka anaongeza maji. Maji ya ziada yanapunguza nguvu, yanaongeza vitundu, na yanaongeza ule mvuke uliokuwa ukiukimbia. Umelipia kinga ukapewa ugonjwa. Anayetaka nyuzi kweli akodi mashine ya kuchanganyia, azinyunyize kidogo kidogo ikizunguka, na akatae ndoo ya maji ya nyongeza. Kwa kipimo kidogo cha gramu 600 kwa mita, nyuzi za plastiki zina faida ya haki: hupunguza nyufa ndogondogo za saa za kwanza, jua likipiga sakafu iliyomwagwa asubuhi. Magunia yaliyoloweshwa maji na kufunikwa juu yake kwa siku saba hufanya kazi inayokaribia hiyo.

Penye moto wa kweli, wa kila siku, ni kwa mwoka mikate. Tanuri la kuni si suala la ajali. Linapashwa, linapoa, linapashwa tena. Hapo zege la kawaida ni chaguo baya, liwe na nyuzi au lisiwe nazo. Chokaa yake ikishaachia maji kwenye digrii 450 hivi, tanuri likipoa hunywa unyevu wa hewa na kuvimba. Katika mji mkavu jambo hilo lingechukua muda; katika hewa ya Kisangani linaanza usiku uleule. Ndiyo maana sakafu ya tanuri iliyosiribwa saruji huchubuka na mchanga kuingia kwenye mkate.

Mwoka mikate ana njia tatu. Ya bei ya chini ni tofali la kuchoma la hapa, lililokwisha kupita motoni mara moja, likijengwa kwa tope la udongo uliochujwa, ule wa kichuguu ukipatikana, bila saruji kabisa kwenye uso unaoguswa na moto. Viungo viwe vyembamba. Chagua matofali yaliyokuwa katikati ya tanuru la kuchomea: yagonge mawili pamoja, linalolia kwa sauti kavu ndilo, linalotoa sauti ya kuziba lirudishe. Litahitaji kuzibwazibwa kila mara, lakini udongo uko mlangoni. Ya kati ni kununua matofali ya joto kali kwa sakafu tu, mita moja au mbili za mraba, na kuba libaki la tofali la hapa. Sakafu ndiyo inayokwaruzwa na koleo la mikate, kwa hiyo hapo pesa inaonekana. Ya juu ni zege la joto kali, linalotengenezwa kwa saruji ya alumina, na viwandani hutiwa nyuzi za chuma kisichoshika kutu. Hapo ndipo nyuzi na moto vinapokubaliana kweli. Lakini saruji hiyo haipatani na uzembe wa maji, inataka kupashwa kwa ratiba, na kwa mwoka mikate wa mtaa faida ya miezi mingi itaishia kulipa usafiri. Ningechagua ya kati.

Chochote atakachochagua, moto wa kwanza uwe mdogo. Siku kadhaa za kuni chache, mlango wazi, hadi mvuke uache kutoka ukutani. Matanuri mengi huharibika siku ya uzinduzi.

Msingi wa tanuri, chini ya matofali, unaweza kuwa zege, na hapo kuna chaguo la bei nafuu linalodharauliwa: kokoto za matofali ya kuchoma yaliyovunjika. Kitu kilichokwisha kuchomwa hakina cha kushangaa kwenye moto, kwa hiyo zege lake huvumilia joto kuliko lile la kokoto za mto. Kwa wachoma matofali vipande hivyo ni takataka. Viloweshe kwanza, la sivyo vitanyonya maji ya saruji, na usivitumie kwenye nguzo wala dala ya kubebea watu. Goma wana mawe ya volkano, nayo ni mazuri kwa joto, ila kuyasafirisha hadi huku ni kuchoma pesa kabla ya moto.

Kwa nyumba za kawaida, zenye kuta za tofali na paa la mabati, mazungumzo yote haya ya zege yanakuja nyuma ya jambo jingine. Ukuta wa tofali au wa potopoto hauanzishi moto. Moto hupanda kwenye dari la tripleksi, mapazia, mbao za paa, na dumu la petroli lililonunuliwa kwa kadhafi, yaani mchuuzi wa petroli, na kulazwa karibu na jenereta ukumbini kwa sababu umeme umekatika na mvua inanyesha. Kibanda cha matofali cha jenereta, mita tatu nne kutoka nyumbani, kinagharimu matofali machache kuliko unavyodhani. Jiko la makaa likipewa ukuta wake na bomba la moshi, umeshalipia kinga kubwa kuliko vipakiti vyote vya nyuzi.

Neno la haraka kuhusu nyuzi za zamani. Majengo ya enzi ya Wabelgiji yanaweza kuwa na paa za mawimbi za kijivu, ngumu mithili ya jiwe, ambazo ni saruji yenye asbesto. Kwenye moto hupasuka kwa kishindo na kutawanya vumbi. Vumbi hilo likivutwa huleta saratani. Ubelgiji yenyewe ilipiga marufuku asbesto mwaka 1998. Ukipewa paa hizo bure kutoka kwenye jengo linalobomolewa, kataa, hata kama ni za kufunika banda la kuku. Usizikate wala kuzisaga.

Na kama moto umeshapita, au unanunua nyumba iliyowahi kuungua? Zege huacha ushahidi. Kokoto zenye madini ya chuma zikipita digrii 300 hugeuza zege kuwa la waridi; likipita 600 linaelekea kijivu cheupe na kuwa laini. Kwangua rangi, tazama, kisha gonga kwa nyundo ndogo: mahali panapotoa sauti ya utupu pamekwisha kuachana na nondo. Waridi la juujuu, la unene wa kidole, hutengenezeka kwa kuchonga na kujaza upya. Waridi likifika kwenye nondo, au nondo ikiwa imepinda, ita mhandisi kabla ya kumwita fundi rangi. Ndoo moja ya chokaa hufunika hayo yote kwa faranga chache, na wauzaji wa nyumba wanajua hilo. Kabla hujatia sahihi, omba kukwangua pembe moja ya dari la jikoni. Muuzaji akikataa, shusha bei au uondoke.